WATU WOTE AU SISI SOTE?

Leo nawaletea somo la sarufi, lakini jamani msifunge gazeti! Somo lenyewe limo ndani ya filamu.

Filamu hiyo ni Watu Wote, ya mwaka wa 2017. Iliongozwa na Katja Benrath wa Ujerumani, akiwa bado mwanafunzi wa filamu. Mwaka wa 2018 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Wahusika wanazungumza Kiswahili na Kisomali.

Kisa chake kimetokana na tukio la kweli. Tarehe 21 Desemba 2015, magaidi wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa katakata. Akina mama waliwapa wenzao hijabu wajisitiri. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Wala hawakuwa hawajui hatari: Novemba 2014, abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera.

Sasa mtazame mhusika mkuu, Jua. Ni Mkristo, na magaidi walimuulia mume na mtoto. Anapanda basi na uchungu wake. Kwake, Waislamu ni "wao". Hao hao ndio wanaomficha. Waama, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Na sarufi je? Kumbuka: sisi sote, nyinyi nyote, wao wote. Wengi wetu hukosea na kusema "sisi wote". Jina la Kiingereza la filamu hii lina maana ya "sisi sote". Basi safari ya Jua ni ya kutoka "wao wote" hadi "sisi sote", na ni ndefu kuliko barabara ya Mandera.

Hapa Manyatta adhana na nyimbo za kanisani husikika mtaa mmoja. Mimi ni Mkristo. Kila asubuhi hununua mandazi kwa mama mmoja Mwislamu, na miaka miwili nimemwita "yule mama" tu. Baada ya kuitazama filamu, nilimuuliza jina. Alicheka, akaniuliza langu pia.

Zoezi: Tunga sentensi ukitumia "sote". Kisha ujiulize, umemwacha nani nje?