Laita za Askari: Vidokezo kwa Mkusanyaji wa Malindi na Kilifi

Ukiingia duka la vitu vya kale Malindi au Kilifi, omba uoneshwe sinia la vikorokoro: saa zilizokufa, funguo, sarafu. Laita za Vita vya Pili vya Dunia hujificha humo. Ila kabla hujatoa pesa:

1. Anza kwenu. Wazee wa Keya (King's African Rifles) waliotoka vitani Burma walirudi na vitu vyao vidogo vidogo. Muulize bibi, na usianze na bei. Jina la mwenyewe, kikosi chake, alikopita: yaandike siku hiyo hiyo. Laita moja ya mtu anayejulikana inashinda kumi za kung'aa zisizo na mwenyewe.

2. Igeuze chini. Zippo za Marekani zilianza miaka ya 1930. Vita vilipofanya shaba iadimike, zikatengenezwa kwa chuma na kupakwa rangi nyeusi yenye mikunjo. Alama za mwaka kwenye kitako zilikuja katikati ya miaka ya 1950. Ukikuta “Burma 1944” ubavuni na alama hizo chini, mrudishie muuzaji kwa adabu, uage.

3. Papasa mchoro. Uliochongwa zamani kwa ncha ya kisu umeshalainika kingo, na mifereji imejaa uchafu mweusi. Ukikukwaruza kidole na ndani unametameta, ni wa juzi. Kichwa cha kifaru kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma. Huyo mkague mara mbili, maana ndiye anayepandisha bei.

4. Laita ya Kiitaliano si ushahidi wa vita. Kweli, ndege za Italia ziliipiga Malindi mabomu mwaka 1940, na mateka wa Kiitaliano ndio waliojenga kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942. Lakini Malindi hii imejaa Waitaliano waliofuata jua na samaki, nao pia huvuta sigara.

5. Laita ya ganda la risasi, sawa. Risasi nzima, usiiguse, waite polisi.

6. Chumvi ya bahari haina huruma. Mwaga petroli yote, futa kwa kitambaa laini chenye tone la mafuta ya cherehani, hifadhi pakavu. Steelwire ibaki kwenye sufuria: itakula jina lote.

Na ukiangukia laita yenye jina la mtu wa Ganze au Kaloleni, tafadhali, tafuta ukoo wake kabla hujatafuta mnunuzi.