Hesabu ya Fedha Zizaazo Simuni

Wanafunzi wenzangu wa leo, nanyi wenzetu mliotangulia, leo nawaletea somo fupi la hesabu. Najua wengine wataka kukimbilia ukurasa wa michezo, lakini ngojeni kidogo: somo lenyewe lahusu fedha, nami sijaona bado mtu aliyesinzia fedha zinapotajwa.

Mimi nakaa Gahanga, katika wilaya ya Kicukiro, kando ya barabara iendayo Bugesera. Hapa kwetu akiba huwekwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ikimina. Watu 20, mathalan, hutoa faranga 1,000 kila mmoja kwa juma, na kila juma mmoja wao hupokea 20,000. Ikimina hakizai kitu: mwisho wa zamu kila mtu ametoa 20,000 na kupata 20,000. Faida yake ni kwamba fedha humjia mtu kwa mkupuo, na macho ya majirani humzuia asizitafune kidogo kidogo.

Ya pili ni Umurenge SACCO, chama cha akiba na mikopo, ambacho kilianzishwa katika kila mmoja wa mirenge 416 ya Rwanda. Huko wakopaji hulipa riba, na riba hiyo ndiyo iendeshayo chama na kukikuza, ingawa kwa mwendo wa kobe. Ya tatu ni simu. Tangu MTN ilipoanzisha huduma yake ya fedha nchini mwaka 2010, twabonyeza *182# na fedha zafika Rusizi kabla muuza nyanya hajamaliza kuzifunga.

Hizo tatu sina ugomvi nazo. Neno langu ni juu ya njia ya nne, isiyo na mlango wala karani, maana makao yake ni katika makundi ya WhatsApp. Tangazo lake lilifika hata katika kundi letu la wanafunzi wa zamani: "Mpe aliyekualika faranga 20,000. Kisha alika wenzako watano, nao waalike watano watano. Utavuna 100,000!" Chini yake palikuwa na picha ya gari jekundu. Kabla ya saa moja kupita, watu wanne walikwisha uliza watume kwa namba gani, wala hapana aliyeuliza fedha zatoka wapi. Mmoja wao alisema wazi kwamba alizonazo ni karo ya mwanawe.

Basi tushike chaki. Mtu wa kwanza analeta 5; hao wanaleta 25; hao 125; hao 625. Endeleeni kuzidisha kwa tano. Katika hatua ya 10 wanaingia watu 9,765,625, na jumla ya wote tangu mwanzo ni 12,207,031. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Rwanda nzima watu milioni 13.2, pamoja na watoto wachanga wasiojua kushika simu. Hatua ya 11 yahitaji watu wapya 48,828,125. Watatoka wapi? Hata tukiandikisha ng'ombe na mbuzi hawatatosha.

Tena angalieni jambo hili. Walio mstari wa mwisho wametoa na hawakupata kitu, nao ni wanne katika kila watano. Mchezo ukivunjika mapema, hali ni ile ile: katika hatua ya 3 wamo watu 156, na 125 kati yao wanalia. Maana hapana shamba lililolimwa wala duka lililofunguliwa. Fedha zimetoka mfukoni mwa mtu na kuingia mfukoni mwa mwingine.

Ujanja wa namna hii ni wa zamani. Mwaka 1920, huko Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Kwa mwendo huo, faranga 10,000 zingepita 6,500,000 kwa miaka miwili. Aliwalipa wa kwanza kwa fedha za waliofuata, akaishia gerezani. Karibu nasi, Tanzania, serikali iliizuia DECI mwaka 2009. Huko watu walitoa fedha zilizoitwa "mbegu" wakingoja mavuno. Mkulima wa Gahanga ajua kwamba mbegu yataka udongo na mvua. Mbegu iotayo ndani ya mfuko wa mwenzako, mvunaji si wewe.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma hata faranga moja, ulizeni mambo matatu. Faida hii yatokana na kazi gani? Nikitaka fedha zangu kesho, nitamwendea nani, na ofisi yake i wapi? Na mbona ananiharakisha?

Hesabu hii niliiandika katika kundi letu. Mmoja alinijibu kwamba nina wivu. Yule mwenye karo hakujibu neno, ila siku ya pili alituonyesha picha ya stakabadhi ya shule.

Zoezi: Kama kila mtu analeta wawili tu badala ya watano, ni katika hatua ya ngapi jumla itapita watu wote wa Rwanda? Mpelekeeni mwalimu wenu jibu, wala msimpelekee faranga.