SOMO LA BIRO: KARATASI YA KIFUNGO NA KUMBUKUMBU YAKE



Katika namba hii tunataka kujifunza pamoja juu ya vifungo vya telefone ya biro. Wengine watasema: ile ni kazi ya sekretere, si yetu. Ngojeni kwanza.

Muhula uliopita, usiku, ndugu mmoja wa mwaka wa pili alishikwa na tumbo kali. Sisi wakubwa wa wanafunzi tulikimbia biro, tukafinya kifungo chenye karatasi "Muganga". Simu ililia, ikalia, hakuna mtu. Tukafinya mara tatu. Kumbe ilikuwa inalia katika depo ya chaki! Dispansere ilikuwa imehamia nyumba mpya na kupewa telefone namba 27, lakini kifungo kilikuwa kingali kinaita 24, ile ya chumba cha zamani. Mwishowe mmoja wetu alienda mbio kumwita muganga. Yule ndugu alipona, lakini karibu nusu saa ilipotea. Na kosa ni letu: usiku ni sisi tunaochunga biro, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupima kifungo kile.

Sasa somo lenyewe. Telefone yetu ni Norstar, aina ya M7208, yenye vifungo 8 vya kumbukumbu. Mfumo wa Norstar ulitoka Kanada mwaka 1988, kwa kampuni Northern Telecom. Kampuni ile, iliyoitwa Nortel baadaye, ilifilisika mwaka 2009. Mushike neno hili: karatasi inakaa juu ya telefone, lakini kumbukumbu inakaa katika sanduku kubwa la ukutani. Kubadilisha moja hakubadilishi ingine.

1. Kuuliza kifungo. Finya Feature, kisha * na 0, kisha kifungo chenyewe. Kioo kidogo kitaonyesha kile kilichomo. Ukimaliza, finya Rls.

2. Kuweka namba ya ndani. Finya Feature, * na 2, kisha kifungo, kisha namba, mfano 27.

3. Kuweka namba ya inje. Finya Feature, * na 1, kisha kifungo, andika namba yote, halafu finya Hold ili ishikwe.

4. Kuweka kazi. Finya Feature, * na 3, kisha kifungo, kisha Feature tena na namba ya kazi. Kazi 4 inapeleka simu zako kwa telefone ingine. Feature na #4 inaondoa ile. Kazi 5 inarudilia namba ya mwisho uliyopiga.

Angalisho: ukiweka kitu kipya, kile cha zamani kinafutika. Tena vifungo vya laini na vya simu ya ndani havibadilishwi kwa njia hii.

Basi, tufuate mpango huu: uliza, weka, piga ili kujaribu, na mwisho kabisa andika karatasi. Wengi wetu tunaanza na karatasi, tunasahau mengine. Toka sasa, kila siku ya posho jioni, wawili kati yetu watauliza vifungo vyote vya biro. Anayetaka kujifunza aje.

Zoezi: Karatasi inasema "Bwana Prefe", kioo kinaonyesha 24. Ukifinya, nani ataitika? Utafanya nini kwanza?

Wakubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita