Usugu wa dawa: pete ndogo ndani ya bakteria

Huenda umewahi kuuguza mtoto aliyechomwa sindano siku tano na homa isishuke, kisha daktari akasema wadudu wake ni sugu. Usugu huo unakaa wapi?

Bakteria ana vinasaba vyake vikuu, yaani DNA. Lakini wengi wana pia pete ndogo za DNA ziitwazo plasmidi, na mara nyingi siri ya kuishinda dawa imo humo. Hatari ni kwamba bakteria humpa mwenzake nakala ya pete hiyo, hata akiwa wa aina nyingine, kama jirani anavyompa jirani kaa la moto.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chalmers, mjini Gothenburg, Uswidi, huisoma pete hiyo kwa kipande cha kioo kilichochongwa vijifereji vyembamba mno. Unywele wako ni mpana mara mamia kuliko kijifereji kimoja. DNA ikiingizwa humo hukosa nafasi ya kujikunja, ikanyooka. Kwa kuwa imetiwa rangi inayong'aa, pamoja na kemikali inayozuia rangi isishike baadhi ya sehemu, hadubini huonyesha mistari ya mwanga na giza, kama ile ya kwenye pakiti ya sabuni. Kabla ya hapo hutumika kimeng'enya kiitwacho Cas9, kilichoelekezwa kukata penye jeni ya usugu tu. Pete zikikatika zote mahali pamoja, jeni imepatikana.

Mwaka 2019 ilichapishwa kazi yao kuhusu watoto wachanga 17 wa wadi moja ya uangalizi maalumu nchini humo, waliokutwa na Klebsiella sugu. Baadhi yao walimbeba bakteria yule yule, na pete ile ile, hadi miaka 2! Kumbeba si kuugua. Mtu huwa mzima kabisa huku anaye tumboni, akampitisha kwa mikono isiyonawiwa baada ya choo.

Kifaa hicho bado ni cha watafiti. Hospitali nyingi huotesha vimelea, kazi ya siku mbili tatu, basi ukiambiwa usubiri majibu usikimbilie duka la dawa.

Na wewe mama unayefungua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye kidonda: unaua bakteria dhaifu, unamwachia uwanja mwenye pete. Kidonda kioshe kwa maji safi na sabuni, kikivimba au kutoa usaha mpeleke mtoto zahanati.