Programu ya Usafirishaji na Vipimo vya Kasha

Mfumo wa kompyuta wa kuendesha biashara hutunza oda, hesabu ya ghala na ankara. Programu ya nyongeza ya usafirishaji huunganishwa nao ili ichukue anwani na uzito wa mzigo, ikokotoe gharama na kuchapa lebo. Lakini uzito wa mzani peke yake hautoshi.

Ndege yaweza kujaa makasha makubwa kabla ya kufikia uzito unaoruhusiwa. Kwa sababu hiyo, wasafirishaji wengi wa vifurushi huzidisha urefu, upana na kimo cha kasha kwa sentimeta, kisha hugawanya kwa 5000. Tuchukue kasha la vikapu lenye vipimo vya sentimeta 60, 40 na 40. Zao lake ni 96,000. Tukigawanya, tunapata kilo 19.2. Hata kama mzani unaonyesha kilo 8, mwenye mzigo hutozwa kwa uzito ulio mkubwa zaidi.

Programu haiwezi kulipima kasha. Husoma yaliyoandikwa tu. Basi mtunza ghala na aandike vipimo vya kila kasha. Asipofanya hivyo, mteja atalipishwa kilo 8, na muuzaji atalipia kilo 11.2 zilizobaki kutoka mfukoni mwake.