Kumtafuta Babu Kwenye Filamu
Mwongozo wa kuagiza na kusoma nyaraka za maikrofilamu kwa wanaofuatilia historia ya ukoo

Mtu huingia kwenye chumba cha kusomea nyaraka, huweka kitambulisho mezani na kusema, "Naomba faili la babu yangu." Karani humuuliza: alikaa wilaya gani, chini ya chifu gani, miaka ipi? Mgeni hushusha pumzi. Jina analo, tena la ukoo mzima, na jina ndicho kitu ambacho filamu haikijui.

Maikrofilamu ni mkanda wenye upana wa milimita 35 au 16 na urefu wa mita 30 hivi, ambamo kurasa zimepigwa picha ndogo ndogo zikafuatana kama zilivyokuwa kwenye faili. Mkanda mmoja hubeba mamia ya kurasa. Karatasi huliwa na mchwa, na huku pwani chumvi na unyevu huimaliza hata kama mchwa hawajafika. Mkanda mzuri uliotunzwa penye ubaridi mkavu unaweza kudumu mamia ya miaka. Lakini aliyepiga picha hakuchambua majina. Alifuata mpangilio wa ofisi iliyoandika karatasi hizo: jimbo, wilaya, aina ya daftari, mwaka. Njia ya kumfikia babu yako ni hiyo hiyo.

Anzia kwa wazee

Kabla ya kulipa nauli ya kwenda mjini, kaa na shangazi, na babu mdogo, na yule jirani anayejua mambo ya kila nyumba. Usiwaulize "alizaliwa lini?" maana watakupa mwaka wa kubuni ili wakuridhishe. Waulize kulikuwa na nini. Alikuwa ameshaoa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika? Alitahiriwa na rika gani? Kwa Wakikuyu, kwa mfano, rika la tohara hupewa jina la tukio la wakati ule, na jina hilo hukupa mwaka kwa uhakika kuliko cheti kilichoandikwa miaka 40 baadaye. Kule kusini mwa Tanzania, swali la kama mtu alizaliwa kabla au baada ya Vita vya Maji Maji hukupeleka upande huu au ule wa 1905 hadi 1907.

Uliza pia dhehebu, shule ya misheni, kazi aliyofanya (reli, shamba la mkonge, jeshi la kikoloni la King's African Rifles, KAR), na jina la jumbe au chifu aliyekuwa akikusanya kodi. Jina la chifu ni la thamani kubwa. Wewe humhitaji, ila ripoti zinamtaja yeye.

Halafu andika jina la mahali kama lilivyokuwa likiandikwa zamani zile. Murang'a utaikuta kama Fort Hall, Nyahururu kama Thomson's Falls, na Kisumu ya mwanzo kabisa ni Port Florence. Kwenye karatasi za Wajerumani, Lushoto ni Wilhelmstal na Tukuyu ni Neu-Langenburg. Atafutaye Lushoto kwenye orodha ya Kijerumani atafika jioni mikono mitupu.

Majina ya watu nayo yaliandikwa kwa kusikia. Karani aliyetoka mbali aliandika alichosikia: L ikawa R, Ng' ikawa N, Kh ikawa H. Kwa watu wa pwani, "bin" mara nyingi hufupishwa kuwa herufi b yenye nukta, na mwanamke huweza kuonekana kama binti wa fulani tu, bila jina lake mwenyewe. Tengeneza orodha ya namna nne au tano za kuandika jina moja, uwe nayo mkononi.

Filamu ziko wapi

Nairobi, Nyaraka za Taifa zimo kwenye jengo la Moi Avenue lililokuwa Benki ya India. Mwaka 1939 moto uliteketeza sehemu kubwa ya karatasi za Sekretarieti ya serikali ya kikoloni, na ndiyo sababu kumbukumbu zilizokuwa zimelala wilayani zikawa na uzito wa pekee. Miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani kilishirikiana na Nyaraka za Taifa kuzipiga filamu ripoti za mwaka za majimbo na wilaya, daftari za siasa za wilaya, na ripoti za makabidhiano, yaani zile ambazo DC, mkuu wa wilaya, anayehama alimwandikia anayeingia. Kitabu cha kuongoza wasomaji wa mikanda hiyo kilichapishwa Syracuse mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Kwa hiyo Mkenya aliyeko New York anaweza kusoma habari za wilaya ya kwao bila kupanda ndege. Ukiwa Marekani, nenda kwenye maktaba ya chuo kilicho karibu na uulizie huduma ya kuazima baina ya maktaba. Maktaba nyingi zimo katika ushirika wa CAMP, ulioanza 1963 na kuhifadhi filamu zake za Afrika katika Center for Research Libraries, Chicago.

Wenye asili ya Freretown na Rabai, ambako Church Missionary Society ilipokea watu waliokombolewa utumwani, wana bahati kidogo. Barua na shajara za wamisionari hao zilipigwa filamu, na karatasi zenyewe zimo Cadbury Research Library, Chuo Kikuu cha Birmingham. Usizichanganye na daftari la ubatizo, ambalo kwa kawaida hubaki parokiani. Nenda kwa padri au kasisi kwanza, kwa heshima, na siku isiyo ya ibada.

Vitabu vya zamani vya mwongozo bado vinasema uagize mkanda kutoka Salt Lake City, ulipie posta, usubiri wiki kadhaa. Usihangaike. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo jumuiya yake ya nasaba ilianza kupiga filamu mwaka 1938, lilisitisha kusafirisha mikanda Septemba 2017. Mwaka 2021 lilikamilisha kuigeuza mikanda yake, takriban milioni 2.4, kuwa picha za kompyuta. Sasa unafungua akaunti ya FamilySearch bila malipo na kutafuta kwenye katalogi kwa jina la mahali. Alama ya kamera maana yake picha zinafunguka. Kamera yenye ufunguo juu yake maana yake mkataba na mwenye nyaraka una masharti, na mara nyingi utalazimika kwenda kwenye kituo chao cha historia ya familia au maktaba shirika.

Kujaza fomu

Fomu ya kuagiza huuliza namba, wala haiulizi hadithi. Nakili namba ya mkanda na namba ya faili kama zilivyo kwenye katalogi, pamoja na mikwaju na vistari vyake. Mkanda mmoja unaweza kubeba faili tano zisizohusiana, hivyo andika pia namba ya kipengele unachokitaka. Mimi niliwahi kupoteza siku mbili nikisoma ripoti za wilaya ya jirani kwa sababu ya tarakimu moja. Lawama zote zilikuwa zangu, na hata hivyo nilimnunia karani.

Ulizia mapema ada, kibali na saa za kuagiza. Agiza mikanda miwili, si kumi.

Kwenye mashine

Shika mkanda kwa kingo. Alama ya kidole kwenye picha ikikuzwa mara 20 inakuwa wingu. Uchomeke kwenye mhimili wa kushoto, uvute ncha ipite chini ya kioo, uifunge kwenye kibiringo kitupu cha kulia, kisha uzungushe polepole. Maandishi yakitokea kichwa chini au kama kwenye kioo cha kujitazamia, umeugeuza. Utoe uanze upya. Usishangae herufi zikiwa nyeupe juu ya weusi: hiyo ni nakala hasi, na husomeka vizuri tu ukizoea.

Picha ya kwanza katika kila faili huwa ni kibao chenye namba na kichwa cha faili. Simama hapo, unakili. Ukizungusha kasi kurasa zitapita kama miti dirishani mwa basi, na wengine hupata kichefuchefu cha kweli. Inua macho kila baada ya dakika kadhaa.

Sasa, usitegemee kuona siku ya kuzaliwa ya babu. Serikali ya kikoloni ilihesabu vibanda kuliko ilivyohesabu watu, kwa kuwa kibanda ndicho kilichotozwa kodi. Utakachokuta ni idadi ya vibanda, njaa, kesi za mipaka, majina ya machifu na maoni ya DC kuhusu tabia zao, mengine ya matusi. Soma kwa moyo wa subira. Siku moja, kwenye orodha ya wazee wa baraza iliyopigwa chapa vibaya, jina lililo namba tatu kwenye karatasi yako ya namna tano litakutazama.

Likikutazama, usiruke kwenda kupiga simu nyumbani. Andika kwanza namba ya mkanda, namba ya faili, ukurasa na tarehe, ndipo uombe ruhusa ya kupiga picha kioo kwa simu au kuchapisha nakala. Picha ya simu isiyo na namba ya faili haitamsaidia hata mwanao.

Ukimaliza, rudisha mkanda nyuma mpaka mwanzo na uutie kwenye boksi lake mwenyewe. Na ukifungua boksi ukasikia harufu ya siki, usiuweke kwenye mashine kabisa: filamu hiyo imeanza kuoza. Funika, umpelekee karani, umwambie namba yake.