Somo la 23: Chakula Kimfikie Mtoto

Watoto, tazameni nchi yetu. Udongo wa Beni unakubali kila mbegu: muhogo, mpunga, ndizi, kahawa, kakao. Butembo iko juu, penye baridi. Huko maharagi na viazi vinastawi. Kati ya miji hii miwili kuna kilomita 50 na kidogo tu. Mbona basi, katika nchi yenye mvua na udongo mzuri hivi, mtoto analala na njaa?

NJAA INATOKA WAPI

Tangu Oktoba 2014 watu wenye silaha wameua raia wengi katika eneo la Beni. Wengine waliuawa wakiwa mashambani mwao. Watu wa vijiji vingi wakakimbilia Oicha, Beni na Butembo. Mwaka 2024 wengine tena walikuja toka kusini, wakikimbia vita ya Kanyabayonga. Shamba lipo, muhogo umekomaa ardhini, lakini mwenye shamba haendi kuuchimba, maana anaogopa kifo.

Wengi wa watu hao hawakai kambini. Walipokelewa nyumbani kwa ndugu, kwa marafiki, hata kwa watu wasiowajua. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini fikirini: chungu kilichotosha watu 6, sasa kinagawiwa watu 12. Mtoto wa mgeni ana njaa, na mtoto wa mwenye nyumba pia ana njaa.

UGONJWA WA BWAKI

Mtoto anaweza kushiba bugali kila siku na bado akaugua. Bugali la muhogo linajaza tumbo, lakini halijengi mwili. Mwili unajengwa na maharagi, soya, karanga, samaki, mayai na maziwa. Mtoto akivikosa siku nyingi, anapata bwaki. Miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu na kukatika, ngozi inabanduka. Mtoto hachezi tena. Anakaa kimya, na chakula hakitaki.

Waganga wanauita ugonjwa huo kwashiorkor. Neno hilo ni la Kiga, lugha ya Ghana. Daktari Cicely Williams alilisikia huko kwa akina mama, akaliandika mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa maziwa, mdogo wake alipozaliwa.

Kwenye kituo cha afya wanapima mkono wa mtoto mdogo kwa utepe wenye rangi tatu. Kijani ni vizuri. Manjano ni hatari. Nyekundu ni hatari kubwa. Mtoto wa nyekundu, au mwenye miguu iliyovimba, msimlishe kwa nguvu nyumbani. Mwambieni mama ampeleke kwa mganga siku ileile. Mchango wetu ni kwa ajili ya wengine, wasifike huko.

NAMNA YA KUFANYA SIKU YA MCHANGO

Kwanza, jueni shida kabla ya kuomba. Mwalimu, mkubwa wa mtaa na mama mmoja wa jumuiya wapite nyumba kwa nyumba. Waandike watoto wa wageni na watoto wa wenyeji pamoja. Ukimpa mgeni peke yake na kumwacha aliyempokea, unaleta wivu katika nyumba iliyokuwa na upendo.

Pili, chagueni siku baada ya mavuno, watu wanapokuwa na kitu mkononi. Ombeni ruhusa kwa wakubwa. Anzeni asubuhi, ili kila mtu afike kwake kabla ya giza.

Tatu, watu wapate furaha. Darasa moja liimbe, la pili liigize mchezo, la tatu licheze mpira. Kiingilio kiwe kopo moja la maharagi, la soya au la karanga. Mwenye nusu kopo alete nusu. Asiye na kitu aingie bure, asaidie kuteka maji. Mlangoni wekeni maji na sabuni. Tulijifunza hayo wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, tusiyasahau.

Nne, hesabuni mbele ya macho ya wote. Mmoja ahesabu, wa pili aandike, wa tatu ashuhudie. Kisha hesabu isomwe kwa sauti kubwa. Niliwahi kuona mkusanyo mahali fulani. Watu walitoa kwa furaha. Jioni sanduku lilipelekwa ndani, likahesabiwa na mtu mmoja peke yake. Labda hakuchukua hata franga moja. Lakini watu walinung'unika, na mwaka uliofuata wachache tu walikuja. Waliopata hasara ni watoto.

Tano, gaweni kwa heshima. Pelekeni chakula nyumbani. Msimsimamishe mtoto mwenye njaa mbele ya watu ili atazamwe. Leo ni yeye. Kesho anaweza kuwa mimi au wewe.

TUFANYE HESABU

Tuseme shule ina madarasa 6, na kila darasa lina watoto 40. Wote ni 240. Kila mmoja akileta kopo moja, tunapata makopo 240. Tukipeleka makopo 8 kila nyumba, tunafikia nyumba 30. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini msifurahi upesi. Nyumba yenye watu 12 ikipika makopo 2 kwa siku, makopo 8 yanaisha kwa siku 4. Siku ya tano chungu ni kitupu tena. Kwa hiyo mambo mawili yanatakiwa. La kwanza, mchango urudiwe kila mwezi, hata ukiwa mdogo. La pili, sehemu ya makopo iwekwe kuwa mbegu. Nyuma ya nyumba, karibu na jiko, panatosha kupanda lengalenga na maharagi. Lengalenga huchumwa baada ya majuma machache, maharagi baada ya miezi mitatu hivi. Aliyepoteza shamba lake apate hata tuta moja.

Watoto kusaidia watoto si jambo jipya. Mwaka 1843, huko Ufaransa, Askofu Charles de Forbin-Janson alianzisha shirika la Utoto Mtakatifu. Aliwaomba watoto watoe sarafu ndogo moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Lakini sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Mtoto mwenye njaa anakaa nasi katika benchi moja.

Basi shikeni neno hili: mchango haupimwi kwa fedha zilizo sandukuni, bali kwa chakula kilichofika kinywani mwa mtoto.

MASWALI
1. Kwa nini watu wa Beni wanakosa chakula, na udongo wao ni mzuri?
2. Taja dalili tatu za bwaki.
3. Kwa nini mwenyeji naye anapewa chakula?
4. Kwa nini watu watatu wanahesabu mchango?
5. Shule ya watoto 300 imeleta kopo moja kwa kila mtoto. Makopo 60 yamewekwa kuwa mbegu. Yaliyobaki yatafikia nyumba ngapi, kila nyumba ikipata makopo 8?

KAZI
Nyumbani, ulizeni mama: bugali letu la leo lina mboga gani ya kujenga mwili? Andikeni jibu katika daftari.